Mpira Ulikuwa Ndani

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Nimeshinda. Nimeandika neno hilo, nikalikodolea macho, nikafunga daftari nikaenda kunywa maji. Sasa nimerudi.

Mechi ilikuwa mimi na Muna, ya kuamua nani ataenda kwenye mashindano ya Novemba, yale ambayo makocha wa vyuo vya Marekani wanakuja kutazama. Klabu yetu inapeleka msichana mmoja tu. Muna anacheza tenisi tangu kabla hajaanza shule. Mimi nilianza juzijuzi, nikiwa na miaka kumi na minne, na ni yeye mwenyewe aliyenivuta kutoka voliboli ya shuleni akanipa raketi yake ya zamani. Klabuni wananiita yule aliyechelewa. Hawasemi kwa ubaya. Ndivyo nilivyo.

Leo huyo aliyechelewa alikuwa amebakiza pointi moja tu ashinde.

Hatuna refa. Kwenye mechi zetu kila mchezaji anaamua mipira inayoanguka upande wake. Ukiona umetoka, unasema "auti", na mwenzako anakubali. Hakuna kingine, ni kuaminiana tu. Muna akanipigia fohendi kali ya kona. Sikuufikia. Mpira ukaanguka juu ya mstari – si karibu na mstari, juu yake kabisa. Niliuona ukiteleza kwenye ile rangi nyeupe. Nikainua kidole nikasema, "Auti."

Sikupanga. Lakini pia sikuchanganyikiwa. Tangu hapo najiambia kwamba taa za lile godauni tunalochezea ni mbaya, kwamba jasho lilikuwa limeniingia machoni. Niliona. Mpira ulikuwa ndani.

Muna alisimama. Akaitazama ile kona, akanitazama mimi.

"Una hakika, Dama?"

"Ndiyo."

"Haya. Hongera, mwenzangu."

Akaja kwenye neti, akanipa mkono, kisha akanikumbatia. Alikuwa analia kidogo na anacheka kidogo.

Baba alikuwa nyuma ya uzio. Hakukaa hata mara moja. Ni msimamizi wa walinzi kwenye maghala ya Freezone, zamu ya usiku, na leo alitoka kazini akaja moja kwa moja kwenye korti yetu ya Al Quoz bila kulala ili anione. Alipiga makofi mpaka fundi wa gereji ya jirani akaja kuchungulia. Kisha akampigia Mama simu. Mtoto wako anaenda Amerika, akamwambia. Nikasema Baba, bado, ni mashindano tu. Hakunisikia.

Jumapili, 5 Oktoba

Kanisani, Oud Metha. Baba ndiye huongoza maombi ya kikundi chetu cha Wakenya, kwenye kile chumba cha juu tunachopewa Wafilipino wakishamaliza ibada yao. Leo hakuanza na maombi. Aliniita mbele.

Aliwaambia watu kwamba alipofika nchi hii ya Waarabu alilala chumba kimoja na wanaume wengi huko Al Quoz, kwamba kwa miaka alisimama juani akifungulia watu wengine mageti. Sasa Mungu anamfungulia binti yake geti. Watu wakapiga makofi. Mama alikuwa ametoroka kidogo kutoka kliniki, yunifomu bado mwilini, akajifuta macho kwa mkono wa yunifomu. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Mama mmoja nyuma akasema nitoe ushuhuda. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Asanteni," na sauti ikakatika hapohapo. Wakadhani ni furaha. Makofi tena.

Baadaye chapati na ndengu. Niliacha sahani yangu ilivyo. Nimesema ni uchovu.

Jumanne, 7 Oktoba

Kocha Wilbard aliniita kabla ya mazoezi. Ni mtu wa Bukoba, mpole, hana haraka ya kuongea. Amezungumza na kocha mmoja wa kike wa chuo kidogo huko Kansas. Huyo mama amevutiwa hasa na huko kuchelewa kwangu. Ati wengi walioanza wadogo humfikia wakiwa wamechoka na tenisi, lakini mtu aliyeanza jana na anawashinda wa tangu utotoni, huyo bado anapanda.

"Anataka kukuona Novemba kwa macho yake," Kocha akasema. "Nimemwambia ulivyomshinda Muna."

"Umemwambia hivyo?"

"Si ndivyo ilivyokuwa?"

Nikasema ndivyo.

Niliwahi kudhani uongo unasemwa mara moja halafu unakwisha. Kumbe kila mtu anayekuja anakuuliza upya, na kila mmoja unamwambia tena.

Kocha amesema pia Muna amejitolea kuja kunifanyisha mazoezi. Hakuna aliyemwomba. Bekihendi yangu, lile pigo la kugeuza mkono, ni dhaifu na yeye anaijua kuliko mtu yeyote.

Alhamisi, 9 Oktoba

Muna alikuja. Alifika kabla yangu, amebeba kapu la mipira, hijabu yake ya michezo ile ya kijivu. Alinipigia mipira ya bekihendi mpaka nikaanza kuipata – chini, chini, usinyanyue bega, hebu tena. Ana subira ambayo mimi sina. Tulipopumzika akanimegea sambusa za mama yake, kama siku zote.

Nikamuuliza na wewe sasa? Nilidhani atasema mwakani. Akasema hakuna mwakani. Baba yake, Mzee Rafiq, mtu wa Unguja, ana duka la vipuri vya magari na hana muda wa mambo yasiyokwenda popote. Walikubaliana mapema: akichaguliwa kwenda Novemba, anaruhusiwa kujaribu Marekani. Asipochaguliwa, anasoma uhasibu hapahapa, analala nyumbani, mambo ya tenisi khalas.

"Si mbaya," akasema. "Hesabu naziweza."

Sikujua. Wallahi sikujua kuhusu hayo makubaliano. Lakini ningejua, ningesema nini pale kortini?

Hapo ndipo nilipotaka kumwambia. Maneno yalikuwa yamefika kabisa mdomoni. Nikamwonyesha lengelenge mkononi mwangu badala yake. Akanifunga plasta.

Ijumaa, 10 Oktoba

Leo hakuna mazoezi. Shule nusu siku. Nimelala mchana, nimeota kona ya korti, hakuna mtu, mstari tu.

Mama anauliza kwa nini nimekonda. Nikamwambia joto. Mwezi wa kumi, bado joto, ameamini.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimemwambia Baba.

Alikuwa anapiga pasi shati lake la kazi, Mama yuko kliniki. Nilikaa kwenye kitanda changu, ambacho ndicho kochi letu, nikasema, "Baba, ule mpira wa mwisho haukutoka." Aliendelea kupiga pasi. Nikadhani hakusikia, nikarudia. Nikamweleza yote, mstari, kidole, Muna kuniuliza kama nina hakika.

Nilishajua atakachosema. Baba ni mtu ambaye aliwahi kurudi dukani Al Nahda na jua la mchana kwa sababu muuzaji alimpa chenji ya kuzidi. Nilikuwa tayari kugombezwa. Nilitaka kugombezwa.

Aliweka pasi kando. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Muna?"

"Hajui."

"Basi hakuna anayejua."

Nikasema Baba, mimi najua. Akaja akakaa kando yangu, akaongea polepole kama anavyoongea na walinzi wapya. Yule mtoto amekuwa na korti tangu akiwa mdogo. Amekuwa na walimu, amekuwa na gari la kumpeleka na kumrudisha. Mipira mingapi ameshapewa maishani? Wewe umepata mmoja. Mmoja, Dama. Baba yake akitaka atamsomesha popote duniani. Mimi kafeel wangu, huyu mwajiri anayetushikia viza, akiamka vibaya kesho, sote watatu tunapanga mizigo. "Hii mechi imekwisha. Umeshinda. Usirudi nyuma kuokota kitu ambacho hakuna mtu amekiuliza."

"Lakini Baba, kanisani ulisema–"

"Najua nilichosema kanisani."

Akasimama, akavaa lile shati likiwa bado na joto. Mlangoni akageuka. Mama yako asijue. Hakuomba nami kabla ya kutoka. Kila siku huomba nami kabla ya kutoka, hata nikiwa nimelala, ananiwekea mkono kichwani.

Nilidhani nikisema nitapungukiwa na mzigo. Sasa tuko wawili tumeubeba, na yeye hakuwa nao.

Jumapili, 12 Oktoba

Baba hakuongoza maombi. Alimwambia mzee mwingine ashike nafasi yake, ati koo linamuuma. Alikaa safu ya mwisho karibu na mlango. Wimbo ulipoanza hakuimba, na Baba ana sauti ile ambayo ndiyo huwabeba wengine wote. Wimbo ukaenda ukiyumba.

Nyumbani Mama akamchemshia tangawizi na limau. Akanywa yote, akamshukuru. Mama akamwekea kitambaa shingoni na kumwambia apunguze AC kule ofisini kwake. Mimi na Baba hatukutazamana.

Koo lake ni mimi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mazoezi. Muna tena. Bekihendi imekuwa nzuri kweli. Kocha ameirekodi amtumie yule mama wa Kansas. Tazama mabadiliko, anasema, kwa siku chache tu!

Nilicheza vizuri. Hilo ndilo linanitisha. Nilidhani mtu mwenye moyo kama wangu sasa hivi hawezi kucheza vizuri. Anaweza.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimemwambia Muna. Naandika upesi kabla sijaanza kuyapamba.

Ilikuwa nje ya godauni, baada ya mazoezi. Gereji ya jirani walikuwa wanapaka gari rangi, harufu imejaa barabara nzima. Tulikuwa tumekaa kwenye ukingo wa barabara tukingoja gari la kwao Muna. Alikuwa ananieleza kuhusu chuo cha uhasibu, masomo ya mwaka wa kwanza, basi linaanzia wapi. Alikuwa anajitahidi kulipenda jambo lenyewe. Nilimkatiza.

"Muna, ule mpira ulikuwa ndani."

Hakuuliza mpira gani.

Basi la kampuni likapita na wafanyakazi wamelaza vichwa vyao kwenye vioo. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa nini ninamwambia.

Nikasema kwa sababu ni kweli. Kwa sababu siwezi tena.

"Wewe huwezi tena," akasema. "Na mie je?"

Nikamuuliza kama alijua. Jibu lake nitaliandika kama alivyolisema.

"Nilidhani. Niliuona umeanguka ndani, kisha wewe ukasema una hakika. Nikajiambia, Dama hawezi. Nikaona haya mwenyewe kukudhania vile. Wiki nzima n'naomba toba, Dama. Kwa kukudhania. Unafikiri kwa nini nilikuja kukupigia mipira?"

Alikuwa analipa. Sambusa, bekihendi, plasta mkononi – alikuwa ananilipa mimi kwa kosa la kuwa ameona kitu ambacho kilikuwepo.

Nikaanza kusema nisamehe. Akainua mkono. Usin'ombe saa hizi, akasema. Nikikusamehe leo nitakuwa nimekusamehe ili unyamaze, basi. Nilishajiambia nilishindwa, nikalia, nikalala, nikaamka. Nilishaanza kuzoea. Sasa unan'ambia sikushindwa, nikifanye nini hicho? Nikiweke wapi?

Gari likaja. Kabla hajafunga mlango akasema, "Mwambie Kocha. Usije ukan'ambia mie tu halafu ukalala vizuri."

Silali vizuri, kama ni hilo. Lakini ana haki. Nilikuwa nimempelekea mzigo nikauita ukweli.

Alhamisi, 16 Oktoba

Muna hakuja. Kocha aliniuliza yuko wapi. Nikasema sijui.

Baba naye anauliza kila nikirudi, mazoezi yalikuwaje. Vizuri, nasema. Anaitikia kwa kichwa. Hatuna maneno mengine ndani ya nyumba hii. Mama anadhani tumegombana juu ya simu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nilifika mapema. Kocha Wilbard alikuwa peke yake anafagia korti kwa lile fagio pana. Nikamwambia nikiwa nimesimama, mkoba begani, ili nisipate nafasi ya kukaa na kutafuta njia ya pembeni.

Aliacha kufagia. Akauegemea ule mpini.

"Mechi imekwisha," akasema. "Aliyecheza nawe alikubali. Kwa sheria sina cha kufuta."

Na mimi – naandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuliweka – mimi nikauliza, "Kwa hiyo bado naenda?"

Ilinitoka yenyewe. Niliona uso wake ukibadilika. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyegundua amechoka.

"Binti," akasema, "umekuja kunieleza ulichomfanyia mwenzako. Na swali lako la kwanza ni hilo."

Nikalia. Aliniacha nilie, akamalizia kufagia upande ule mwingine. Alivyorudi aliniambia mambo kwa mpangilio, na ninayaandika ili nisiyageuze baadaye. Jina la mchezaji wa klabu linatakiwa kupelekwa Jumapili jioni. Hatamwondoa mtu kwa nguvu, wala hatampeleka mtu ambaye roho yake haiko sawa. Kama nataka nafasi iwe ya Muna, lazima Muna akubali kuichukua na baba yake amruhusu, na hilo si la kocha kwenda kuomba. "Ni wewe uende kwa yule mzee. Uende na mzazi wako."

Nikauliza kuhusu yule mama wa Kansas. Akasema yeye atamwambia kwamba ninacheza vizuri, kwa sababu ninacheza vizuri. Hayo mengine ni yangu, nimwambie mwenyewe au nisimwambie.

"Akinikataa?"

"Atakuwa amekukataa."

Nyumbani Baba alikuwa ameamka, amekaa kitandani, soksi moja mguuni. Nikamwambia Kocha anajua. Muna anajua. Nikamwambia ninatakiwa kwenda kwa Mzee Rafiq na mzazi. Nikasubiri anikumbushe kafeel, mizigo, geti. Alikuwa anaitazama ile soksi nyingine mkononi.

"Lini?"

"Kesho jioni, ikiwezekana."

"Nitabadilisha zamu."

Basi. Akavaa soksi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Asubuhi Baba alimwambia Mama. Alimwambia mwenyewe, jikoni, mimi nikiwa bafuni na maji nimeyafunga ili nisikie. Alimweleza yangu, kisha akamweleza yake. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, na mimi mlikuwa mnanificha mpaka lini? Mama akachukua mkoba wake akaenda kazini bila chai. Saa sita akanitumia ujumbe, neno moja: Nenda.

Baba alivaa suti ya kanisani. Tukapanda metro mpaka Oud Metha, tukashuka, tukatembea. Alibeba mfuko wa machungwa na ndizi aliochagua moja moja. Njiani aliniuliza swali moja tu, watu hawa wanasalimiwaje. Nikamwambia mimi husema shikamoo. Akairudia kwa sauti ya chini, kama mtoto anayetumwa dukani. Sisi kwetu hatuisemi sana, na Mzee Rafiq hamzidi umri hata kidogo. Sikuwa na moyo wa kumsahihisha.

Bi Jokha, mama yake Muna, ndiye aliyetufungulia. Alinibusu shavuni kama siku zote. Sijui kama hajui au anajua na bado amenibusu. Baba alisema shikamoo. Bi Jokha akacheka kwa upole. Karibu, baba, karibu, akasema, pita ukae. Akatuletea kahawa na visheti. Mzee Rafiq alikuwa msikitini, magharibi ilikuwa inaingia. Akaniambia Muna yuko chumbani, nimfuate, watu wazima watazungumza wenyewe.

Kwa hiyo niko chumbani kwa Muna. Daftari lilikuwa kwenye mkoba wa tenisi, nimelitoa kwa sababu sijui mikono niiweke wapi. Muna anaswali. Aliniona nikiingia, akanionyesha kiti, akatandika msala wake.

Mzee Rafiq amerudi. Nimesikia mlango, salamu, kiti kikivutwa. Ukuta ni mwembamba. Anamuuliza Baba habari za kazi, habari za Kenya, mvua zimenyesha? Baba anajibu. Sauti yake ni ya koo bovu, ingawa koo lake halijawahi kuuma.

Sasa Baba anasema yaliyomleta. Anaeleza mechi vizuri kuliko nilivyoeleza mimi. Hajanipunguzia. Amesema, binti yangu aliuona mpira umeanguka ndani, akasema umetoka, na binti yako ndiye aliyelipa.

Mzee Rafiq anasema, kwa sauti ile ya watu wa Unguja isiyopanda, watoto ni watoto, sheikh wangu. Wakati wa mchezo damu huchemka. Na amekuja kusema mwenyewe, hilo si haba. Anataka kulimaliza. Nasikia anataka kulimaliza kwa heshima, wanywe kahawa, tuondoke.

Baba anasema hapana. Anasema, "Ngoja. Sijamaliza."

Anasema, binti yangu alikuja kwangu kwanza. Siku ya saba baada ya mechi alikuja kwangu, na mimi nikamwambia anyamaze. Nilimwambia mtoto wako ameshapewa mengi. Nilimhesabia vitu vyako, mzee, gari lako, duka lako, kama vile ni wewe uliyeninyang'anya. Yeye alikuwa anataka kusema. Mimi ndiye niliyefunga mlango. Kwa hiyo kama kuna mtu wa kukasirikiwa hapa, usimkasirikie msichana. Yeye ni mtoto. Mimi nina miaka hamsini na ninaongoza watu kwa maombi.

Muna ametoa salamu, kulia, kushoto. Amekunja msala. Amesikia yote, ninaona kwa jinsi alivyosimama. Ninaendelea kuandika ili nisimtazame.

Baba anaendelea. Sasa anasema kosa lote ni la malezi yake. Anasema ni yeye aliyenipa tamaa, yeye aliyenitangaza kanisani kabla ya wakati. Kila anachokigusa anakivutia upande wake. Mpira ule hakuupiga yeye. Kidole hakuinua yeye.

"Unamsikia?" Muna ananiuliza. Ndiyo maneno yake ya kwanza leo.

"Namsikia."

"Utamwacha aseme hivyo?"

Mzee Rafiq anaita, "Muna! Njoo hapa, mama." Ni Muna tu aliyeitwa, si mimi. Muna ameshafungua mlango. Mwanga wa sebuleni umeingia, ninaona bega la suti ya Baba na mfuko wa machungwa chini kando ya kiti, hakuna aliyeuchukua. Muna hajatoka. Amesogea pembeni, mgongo kwenye fremu ya mlango, ananipisha nitangulie mimi.